Amepata x, mbona pointi hazikutimia?

*"Mimi ni fundi mbao hapa Goma, naezeka nyumba tangu ujana wangu. Binti yangu yuko mwaka wa nane. Wiki iliyopita alirudi na kaye ya hesabu, 4 juu ya 10. Swali la kwanza: katika pembetatu ABC, pembe A ni x, B ni 2x, C ni x + 20, tafuta pembe zote. Aliandika x = 40, mwalimu akampa nusu ya pointi. Nilichukua raporteri, ile ya kupimia pembe, nikapima mchoro wenyewe, A ikatoka 52. Swali la pili: A ni 2x + 10, B ni x + 30, na pembe ya nje pale C ni 4x + 15. Akajumlisha zote tatu, akaweka sawa na 180, akapata 17 koma 857 na namba zinaendelea tu. Sasa analia, anasema hesabu za herufi si zake. Je, mwalimu amekosea? Kwa nini watie herufi kwenye kitu kinachoweza kupimwa? Nimtafutie mwalimu wa jioni, au ni akili yake haishiki?"*

Papa, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Akili ya binti yako inashika. Mtoto aliyefika x = 40 katika swali la kwanza amefanya kazi yote ngumu, akabakiza hatua moja fupi. Na katika swali la pili, kujumlisha kwake na kugawanya kwake hakuna kosa hata moja. Kosa liko kabla ya hesabu kuanza, pale alipoamua kitu gani kinajumlishwa na kitu gani. Hayo ni makosa mawili ya aina mbili, na kila moja lina dawa yake.

Mwalimu naye hakukosea. Swali liliomba pembe tatu. Yeye alipewa namba moja. Ningekuwa mimi ningempa zaidi ya nusu, lakini nisingempa zote.

Sasa raporteri. Najua kwa fundi neno hili ni gumu kulimeza: ule mchoro ulioko kwenye kaye haupimwi. Lakini jaribu kukumbuka mteja anapokuletea karatasi aliyochora nyumba kwa mkono. Kaandika ukuta huu mita 4, ule mita 3, na kwenye mchoro wake ule wa mita 3 umetokea mrefu kuliko wa mita 4. Unafuata nini? Unafuata namba zilizoandikwa, wala hupotezi muda kuweka rula juu ya karatasi yake. Mchoro unakuonyesha tu ukuta gani unakutana na ukuta gani. Kwenye kaye ni vivyo hivyo. Mwalimu alichora kwa chaki, mtoto akanakili kwa biki, na kila mkono ukapinda mstari kidogo. Maneno "A ni x, B ni 2x, C ni x + 20" ndiyo vipimo vyenyewe. Ile 52 yako ni pembe ya mchoro wa binti yako. Swali linaulizia pembetatu nyingine, ile iliyoelezwa kwa maneno.

Hata mchoro ukiwa safi kabisa, raporteri ya plastiki ya shuleni haikupi zaidi ya degre moja moja, na jicho linaongeza kosa lake. Pima pembe tatu za pembetatu yoyote, uzijumlishe: mara 179, mara 182. Kwenye ubao wa mvule tofauti hiyo unaifuta kwa randa. Kwenye hesabu hakuna randa, na ndiyo sababu tunatafuta njia ambayo haipitii kwenye jicho.

Njia hiyo inasimama juu ya jambo moja: pembe tatu za ndani za pembetatu, yoyote ile, nyembamba au nono, ukizijumlisha ni nyuzi 180 (darasani binti yako anasikia degre 180). Watoto wengi wanakariri sentensi hii kama namba ya simu. Wakiisahau, hawana pa kuanzia. Nakuomba usimwache binti yako aikariri. Mpeleke nje akaitembee.

Chukua paseli, yaani kiwanja, yenye kona tatu, imezungushiwa ukuta wa mawe ya volkano. Simama ukutani, katikati ya upande mmoja, uso ukielekea mlima Nyiragongo, na tuseme ukuta huo unaelekea huko huko. Anza kutembea ukiufuata ukuta. Ukifika kona ya kwanza unageuka kufuata ukuta wa pili. Kona ya pili, unageuka tena. Kona ya tatu, unageuka, unarudi pale ulipoanza, na uso wako unaelekea Nyiragongo kama mwanzo. Mwili wako umezunguka mara moja kamili, yaani nyuzi 360, ambazo umezigawa kwenye kona tatu. Sasa tazama kona moja peke yake. Kama usingegeuka, ungeendelea mbele moja kwa moja, na mstari ulionyooka ni nyuzi 180. Kwa hiyo kwenye kila kona, pembe ya ndani ya paseli pamoja na mgeuko wako ni 180. Kona tatu, mara 180, ni 540. Toa ile 360 ya migeuko. Inabaki 180, nayo ndiyo pembe tatu za ndani.

Mfanye atembee kweli, hata kwa kuchora pembetatu ardhini kwa kijiti. Nimeona watoto waliokuwa wamekata tamaa wakisimama kwenye kona ya tatu, wakagundua wenyewe kwamba uso umerudi ulikoanza, na hapo hapo wakaelewa kwamba hiyo 180 mwalimu hakuibuni. Eukleidesi wa Aleksandria aliithibitisha kwa mistari sambamba miaka 300 hivi kabla ya Yesu, na uthibitisho wake ni mzuri sana, lakini kwa mtoto wa mwaka wa nane miguu inaeleza upesi zaidi. Jambo moja tu niliweke wazi: haya ni ya mahali palipo tambarare. Ukichora pembetatu kubwa juu ya mpira wa dunia, kutoka ncha ya kaskazini mpaka mstari wa ikweta unaoikata nchi yetu, uufuate ikweta robo ya mzunguko, kisha urudi juu, utapata pembe tatu za 90, jumla 270. Kwa paa la nyumba na kaye ya shule, 180 inatosha.

Na umeona kile kitu nilichokiita mgeuko? Ndiyo pembe ya nje ya swali la pili. Nitarudi kwake.

Kwanza herufi. Unauliza kwa nini itiwe kwenye kitu kinachopimika. Papa, wewe mwenyewe unaitumia kila siku bila kuiandika. Unaposema "mtu fulani ananidai", kuna mtu kamili, ana jina lake, ila kwa sasa humtaji. Hiyo x ni *fulani* wa hesabu. Ni namba moja maalumu iliyokwisha kuwepo, haibadiliki ndani ya swali, sisi tu ndio hatujaijua. Kwa hiyo "A ni x, B ni 2x, C ni x + 20" inasomwa hivi: pembe A ni fulani, B ni mara mbili ya huyo fulani, C ni huyo huyo fulani na nyuzi 20 za ziada. Binti yako akiweza kusema sentensi hiyo kwa Kiswahili chake cha nyumbani, amekwisha kuvuka mto. Akishindwa, usimruhusu ashike biki kwanza.

Tunajua zote tatu ni 180. Fulani mmoja, na wawili, na mmoja tena: wanne, pamoja na 20.

4x + 20 = 180

Toa zile 20 za ziada, wale wanne wanabaki na 160. Kila mmoja ni 40. Hapa ndipo binti yako aliposimama. Alimpata fulani akafurahi, akasahau kwamba walioitwa ni A, B na C. Arudi kwenye mstari wa kwanza wa swali: A ni 40, B ni 80, C ni 40 + 20, yaani 60. Kisha ajumlishe: 40 + 80 + 60 = 180. Huo mstari wa mwisho wa kuhakiki ningemtaka auandike kila siku, hata kama mwalimu hauombi, kwa sababu unamfanya mtoto ajue kwamba amepata kabla ya kusahihishwa. Mtoto anayejihakiki mwenyewe haogopi biki nyekundu.

Katika swali hilo x ilitokea kuwa sawa na pembe A, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa mtoto anazoea kudhani x ni jibu. Swali la pili litamwondolea mazoea hayo.

Pembe ya nje pale C inapatikana hivi: unarefusha upande BC upite C, kama ubao uliochomoza nje ya kona. Pembe kati ya ule ubao uliochomoza na upande CA ndiyo ya nje. Haiko ndani ya pembetatu, kwa hiyo haina ruhusa ya kuhesabiwa kwenye ile 180 ya ndani. Binti yako alichukua pembe mbili za ndani na moja ya nje akazitia kapu moja. Ni sawa na kuhesabu watoto wa nyumba yako ukamweka na wa jirani.

Lakini ya nje ina undugu wake na za ndani. Pale C, ya ndani na ya nje zinafanya mstari ulionyooka: 180. Na ndani ya pembetatu, ya C pamoja na A na B zinafanya 180 pia. Pande zote mbili kuna C ile ile. Iondoe pande zote mbili. Kinachobaki upande mmoja ni ya nje, upande wa pili ni A na B. Kwa hiyo pembe ya nje ni sawa na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Basi tunaandika:

2x + 10 + x + 30 = 4x + 15

Upande wa kushoto ukikusanywa: 3x + 40. Kwa hiyo 3x + 40 = 4x + 15. Sasa kuna fulani pande zote mbili, na hapa ndipo watoto wengi wanaanza kurusha namba huku na huku. Wameambiwa "ikivuka inabadilisha alama", na wakasikia kama uchawi. Mwambie afikirie mizani ya sokoni yenye sahani mbili zilizolingana. Kushoto kuna mifuko mitatu isiyojulikana uzito na kilo 40. Kulia mifuko minne na kilo 15. Ondoa mifuko mitatu kila upande: mizani bado imelingana. Kushoto 40, kulia mfuko mmoja na 15. Ondoa 15 kila upande. Kushoto 25, kulia mfuko mmoja. Hakuna kilichovuka popote. Kilichofanyika ni kuondoa kitu kile kile pande zote mbili.

Kitendo hiki kina historia ambayo mzungumzaji wa Kiswahili angepaswa kuijua, maana imelala ndani ya lugha yake. Katika karne ya 9, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika juu ya kutatua milinganyo kwa vitendo viwili. Cha kwanza ni *al-jabr*, kurudisha kilichopungua mahali pake, neno ambalo Waarabu walilitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Ndilo lililozaa aljebra, na jina letu Jabari ni la mzizi huo huo. Cha pili ni *al-muqabala*, kuweka pande mbili zikabiliane na kuondoa kinacholingana. Sisi tunasema mkabala, tunasema kukabili. Kwa hiyo binti yako anapoondoa mifuko mitatu huku na huku, anafanya mkabala wenyewe. Na al-Khwarizmi hakuandika herufi hata moja. Alisema yote kwa maneno, na kisichojulikana alikiita "kitu". Mtindo wa kuandika x ulienea baada ya Mfaransa René Descartes kuutumia mwaka 1637. Nasema haya ili asiziogope herufi: hesabu hizi zilifanyika kwa maneno matupu kwa mamia ya miaka.

Turudi. x = 25. A ni mara mbili ya 25 na 10, ni 60. B ni 25 na 30, ni 55. Ya nje ni mara nne ya 25 na 15, ni 115. Ya ndani pale C ni 180 kutoa 115, ni 65. Hakiki: 60 + 55 + 65 = 180. Tazama sasa: kati ya pembe zote hizo hakuna hata moja yenye nyuzi 25. Umempata x, na x mwenyewe si pembe yoyote. Ni ufunguo tu wa kuzifungulia.

Lile jibu lake la 17,857 nalo lingejikamata lenyewe kama angehakiki. Akiliweka, A inakuwa karibu 45,7, B karibu 47,9, ya nje karibu 86,4, hivyo ya ndani pale C karibu 93,6. Jumla inapita 187. Pembetatu ya namna hiyo haipo kwenye karatasi. Lakini usimfundishe kwamba koma ni dalili ya kosa. Kuna maswali ya halali ambamo x ni 17,5. Dalili ya kosa ni jumla isiyofika au inayopita 180, au pembe inayotoka chini ya sifuri.

Mtego mmoja zaidi nautaja kwa sababu fundi wa paa anaujua kuliko mwalimu: pembetatu pacha, ile yenye pande mbili sawa, kama mbao mbili za paa zinazokutana juu. Pembe za chini ni sawa. Swali likisema "pembe moja ya pembetatu pacha ni 50", mtoto anakimbilia 50, 50, 80. Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa 50 ndiyo ya juu, na za chini 65 na 65. Swali lisiposema ni ipi, majibu yote mawili yanaandikwa.

Kuhusu mwalimu wa jioni, usitoe pesa kabla hujajua anakwenda kutibu nini. Kaa na binti yako nusu saa, umpe mambo matatu. Kwanza 4x + 20 = 180 peke yake, bila pembetatu. Kisha pembetatu yenye 70 na 45, bila herufi, atafute ya tatu. Mwisho umsomee swali kwa maneno na umwombe aandike mlinganyo tu, asiutatue. Akianguka kwenye la kwanza, shida yake ni aljebra, na mwalimu wa jioni amfundishe milinganyo kwa wiki kadhaa bila kugusa pembetatu. La pili likimshinda, hahitaji mwalimu wa kulipwa. Anahitaji ile matembezi ya kona tatu. La tatu ndilo linalowashinda wengi, na dawa yake ni kusoma sentensi kwa sauti, polepole, na mtu wa kumsikiliza. Huyo anaweza kuwa wewe, hata kama shule uliiacha mapema. Darasani anasoma kwa Kifaransa. Mwache aseme swali kwa Kiswahili kwanza, kisha alirudishe kwenye Kifaransa. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba kilichoitwa udhaifu wa hesabu kilikuwa sentensi ya Kifaransa isiyoeleweka.

Programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa jibu zina faida moja, kuhakiki kazi iliyokwisha. Akizitumia kabla hajajaribu, atakuwa na kaye safi na mtihani mtupu.

Nenda pia kwa mwalimu wake, na kaye mkononi, bila ugomvi. Muulize jambo moja: anaanguka kwenye kuandika mlinganyo au kwenye kuutatua? Watoto wengi wa Goma walikatiziwa masomo mwaka 2025, na huenda mabano au namba hasi zilifundishwa siku ambazo yeye hakuwepo. Hilo ni pengo, linazibwa. Ukiona ananakili vibaya kutoka ubaoni, 2x inakuwa 2 + x, au anakunja macho, mpeleke apimwe macho kabla ya kumlaumu. Na kama kilio kinaendelea, hataki kula, hapati usingizi, au hataki shule kabisa, hapo pembetatu si shida yenyewe. Mtafute mtu mzima anayemwamini, azungumze naye uso kwa uso.

Kwa leo jioni, nawaachia paa moja ninyi wawili. Mbao mbili sawa zinakutana juu. Pembe ya juu inazidi pembe moja ya chini kwa nyuzi 60. Yeye aandike mlinganyo, wewe ukate vipande viwili vya ubao mwembamba kwa pembe atakazokuambia. Zikitoshana pale juu bila mwanya, hatahitaji kuniandikia aulize kama amepata.